Wasioweza Kukaa Nyumbani: Huduma kwa Wagonjwa wa Figo Nyakati za Magonjwa ya Virusi

1. Utangulizi

Mwezi wa Machi 2020 serikali nyingi duniani ziliwaamuru watu wakae majumbani mwao. Tarehe 11 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza kwamba ugonjwa wa UVIKO-19, uletwao na virusi vipya vya korona, umekuwa janga la dunia nzima. Kwa kuwa chanjo haikuwapo bado, kinga iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa watu kutengana. Amri hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo, lilikuwapo kundi la watu ambao kwao kukaa nyumbani kulikuwa ni kufa. Hao ni wagonjwa ambao figo zao zimekoma kufanya kazi, na ambao damu yao husafishwa kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, muda wa saa nne hivi kila mara. Mgonjwa wa namna hii akikosa huduma kwa siku kadhaa, maji na sumu hujaa mwilini, madini ya potasiamu huzidi katika damu, na moyo waweza kusimama.

Basi mtu huyu, ambaye mara nyingi ni mzee, tena ana kisukari au shinikizo la damu, alilazimika kutoka nyumbani, kupanda gari pamoja na wengine, na kuketi nusu ya siku katika chumba chenye viti vingi vilivyokaribiana. Aliyekuwa katika hatari kuliko wengi ndiye aliyekatazwa kujificha.

Pamoja na hao wapo waliopandikizwa figo. Hawa hawaendi kwenye mashine, lakini kila siku humeza dawa za kupunguza kinga ya mwili, ili mwili usiikatae figo iliyotoka kwa mtu mwingine. Dawa zile zile zinazoilinda figo ndizo zinazomwacha mgonjwa bila ngao mbele ya virusi. Akiziacha, figo hufa. Akiendelea nazo, huishi kwa hadhari maisha yake yote.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jinsi wagonjwa hawa walivyohudumiwa nyakati tatu ambapo virusi viliingia katika vyumba vyao: wakati wa homa ya ini aina ya B, wakati wa UKIMWI, na wakati wa UVIKO-19. Hoja yetu ni hii. Kila mara virusi vipya vilipotokea, swali lililoulizwa hadharani lilikuwa la kitaalamu: Je, vinaambukizaje? Lakini nyuma yake lilijificha swali la zamani zaidi: Je, mtu huyu anastahili taabu hii yote? Historia yaonyesha kwamba swali la kwanza likijibiwa vizuri, la pili hupungukiwa na nguvu. Likiachwa bila jibu, woga hulijibu la pili.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lahusu nini jarida la watumishi wa Kanisa. Jibu ni kwamba swali hilo la pili lilipoulizwa kwa uwazi kwa mara ya kwanza, mmoja wa walioketi mezani kulijibu alikuwa mchungaji.

2. Mashine ya Kampen na kamati ya Seattle

Mashine ya kwanza iliyofaulu kufanya kazi ya figo kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Vifaa vilikuwa haba. Daktari huyo alitumia mirija ya selofeni, ile inayotumika kufungia soseji, akaizungusha juu ya pipa la mbao lililozunguka ndani ya maji yenye chumvi. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mwanamke mwenye umri wa miaka 67 aliyekuwa amezimia alizinduka, akapona. Mwanamke huyo alikuwa mfungwa, naye alikuwa amefungwa kwa sababu ya kuwaunga mkono Wanazi. Wapo watu wa mji ule ambao hawangemlilia. Kolff alimtibu kwa kuwa alikuwa mgonjwa na mashine ilikuwapo. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalihitaji mbele.

Mashine ya Kolff iliweza kumsaidia tu mtu ambaye figo zake zingepona baada ya siku chache, kwa kuwa kila mara ilibidi mshipa mwingine wa damu ukatwe. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, alitengeneza mrija mdogo wa teflon ulioachwa mkononi mwa mgonjwa, ukiunganisha mshipa wa ateri na wa vena. Sasa mgonjwa aliweza kurudi kwenye mashine tena na tena. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa hivyo, fundi mitambo Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Miaka michache kabla ya hapo, tarehe 23 Desemba 1954, daktari Joseph Murray na wenzake mjini Boston walikuwa wamefaulu kupandikiza figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake wa kufanana naye. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao.

Lakini mashine zilikuwa chache na wagonjwa walikuwa wengi. Kituo kilichofunguliwa Seattle mwaka 1962 kiliunda kamati ya wananchi saba: mwanasheria, mchungaji, mwenye benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali ya jimbo, kiongozi wa wafanyakazi na daktari mpasuaji. Majina yao yalifichwa. Madaktari walikwisha kuwachuja wagonjwa kwa sababu za kitabibu. Kazi ya kamati ilikuwa kuchagua, kati ya waliobaki, ni nani aingie na nani aachwe. Watoto waliwekwa kando tangu mwanzo, na vivyo hivyo watu waliozidi umri wa miaka 45. Kwa waliosalia, kamati ilitazama ndoa, idadi ya watoto, kipato, elimu, kazi, utulivu wa nafsi na manufaa ya mtu kwa jamii. Hata bidii ya mtu kanisani ilihesabiwa.

Mwandishi Shana Alexander aliieleza kamati hiyo katika gazeti la Life mwezi Novemba 1962, na wasomaji wakashtuka. Mwaka 1968 daktari wa magonjwa ya akili David Sanders na mwanasheria Jesse Dukeminier waliandika katika jarida la sheria kwamba kamati ilikuwa ikichagua watu waliofanana na wanakamati wenyewe: wenye kazi ya kudumu, wenye familia, wenye kuheshimika mtaani. Mtu mpweke, mwenye mawazo yasiyo ya kawaida, asingepita. Hatusemi kwamba wale saba walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wema waliokubali mzigo mzito. Kosa lilikuwa katika kipimo chenyewe, kwa kuwa kipimo cha manufaa hakina mahali pa kusimamia, na mwenye kukishika hujikuta amejipima mwenyewe na kuwakata wengine kwa urefu wake. Ukimlinganisha mfungwa wa Kampen na wale waliopita mbele ya kamati ya Seattle, tofauti yaonekana pasipo maelezo.

Kamati hiyo ilipoteza kazi yake kwa sababu ya sheria iliyopitishwa Marekani mwezi Oktoba 1972. Tangu Julai 1973 serikali ilianza kulipia tiba ya karibu kila raia mwenye ugonjwa wa figo wa hatua ya mwisho. Mashine zikaongezeka, na swali la nani anastahili likanyamaza. Tunasema likanyamaza, si kwamba lilikufa.

3. Homa ya ini: hatari inapowafikia wahudumu

Katika miaka ile ile, hatari nyingine ilikuwa ikikua kimya kimya. Kusafisha damu ni kuitoa damu nje ya mwili na kuirudisha. Kila siku ya kazi damu hugusa mikono, meza na vyombo. Wagonjwa wa zamani, tena, walihitaji kuongezewa damu mara kwa mara, kwa kuwa figo mbovu hushindwa kuuchochea mwili kutengeneza damu ya kutosha. Kwa njia hizi mbili virusi vya homa ya ini viliingia. Mlipuko ulitokea Manchester, Uingereza, mwaka 1965. Mwingine, mbaya zaidi, ulitokea Edinburgh, Scotland, mwaka 1969 na 1970. Hapo walikufa wagonjwa, na walikufa pia watumishi wa hospitali.

Jambo hili lilibadili sura ya huduma. Hapo awali hatari ilikuwa ya mgonjwa peke yake. Sasa aliyemhudumia angeweza kulipa kwa uhai wake. Serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Lord Rosenheim, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1972. Kamati ingeweza kushauri kwamba tiba hii ni ya hatari mno, iachwe. Badala yake iliagiza wagonjwa na wahudumu wapimwe damu, wenye virusi wahudumiwe kando kwa mashine zao wenyewe, damu isiongezwe pasipo lazima, na usafi ushikwe kwa ukali. Kipimo kilikuwa kimepatikana kutokana na kazi ya Baruch Blumberg wa Marekani na wenzake, ambao waliieleza alama ya virusi hivyo katika damu mwaka 1965. Maagizo kama hayo yalitolewa Marekani mwaka 1977, na chanjo ikaidhinishwa huko mwaka 1981.

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, mwenye virusi alitengwa bila kutupwa: alipewa chumba chake na mashine yake, wala hakurudishwa nyumbani akafe. Pili, chanjo ilipokuja ilionekana kwamba miili ya wagonjwa wa figo huipokea kwa udhaifu, hata ikabidi wapewe kipimo kikubwa kuliko watu wengine. Jambo hilo la pili lilijulikana miaka mingi kabla ya korona.

Yafaa tutaje na tunda jingine la miaka ile. Mjini Seattle msichana mmoja alikosa nafasi kwa kuwa alikuwa na umri mdogo kuliko kanuni za kamati zilivyoruhusu. Mhandisi Albert Babb, akishirikiana na Scribner, alitengeneza mashine ndogo ambayo familia yake ingeweza kuitumia nyumbani, na mwaka 1964 msichana huyo akaanza kutibiwa. Basi tiba ya nyumbani, ambayo baadaye iliwaepusha wengi na maambukizi ya hospitali, ilizaliwa na watu waliokataa kuipokea hukumu ya kamati kuwa neno la mwisho.

4. UKIMWI na kanuni za Afrika Kusini

UKIMWI ulipotokea katika miaka ya 1980, woga ulirudi, tena woga mkubwa kuliko ule wa homa ya ini, kwa kuwa uliambatana na aibu. Palikuwa na vituo vilivyokataa kuwapokea wenye virusi. Hata hivyo wataalamu walichunguza, wakaona kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizi kwa urahisi kama vile vya homa ya ini aina ya B. Mgonjwa mwenye VVU hakuhitaji mashine ya peke yake. Ilitosha wahudumu kuchukua hadhari ile ile kwa kila mgonjwa, kana kwamba damu ya kila mtu yaweza kuwa na hatari. Kanuni hii ina hekima yake. Anayevaa glavu mbele ya kila mtu hamwaibishi mtu yeyote.

Katika Afrika Kusini tatizo lilichukua sura nyingine. Hospitali za umma zilikuwa na mashine chache, na katika nyingi kati ya hizo kanuni ilikuwa kwamba nafasi ya kusafishwa damu siku zote kwa kawaida hupewa mtu anayefaa kupandikizwa figo. Uzito wa kanuni hiyo ulionekana mwaka 1997, Thiagraj Soobramoney wa Durban alipoomba Mahakama ya Katiba iiamuru hospitali ya umma impokee. Alikuwa na kisukari na ugonjwa wa moyo, hivyo hakufaa kupandikizwa. Mahakama ilihuzunika pamoja naye, lakini ikaamua tarehe 27 Novemba 1997 kwamba serikali yenye mali kidogo yaweza kuweka mipaka, maadamu mipaka hiyo ni ya haki na inatumika kwa wote sawasawa. Bwana huyo alifariki muda mfupi baadaye.

Kwa kanuni hiyo hiyo mwenye VVU alifungiwa milango miwili. Hakupandikizwa kwa sababu ya virusi, na kwa kuwa hakupandikizwa, katika hospitali nyingi za umma hakupata mashine pia. Mwaka 2008 daktari Elmi Muller wa hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kuwapandikiza wagonjwa wenye VVU figo kutoka kwa marehemu waliokuwa na VVU vilevile, figo ambazo hapo awali zilizikwa pamoja na wenyewe. Taarifa ya wagonjwa 27 iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba asilimia 84 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na asilimia 74 baada ya miaka 5. Marekani, ambayo sheria yake ilikuwa imekataza jambo hilo, ilikuwa imekwisha kuibadili mwaka 2013.

Tazama jinsi mlango ulivyofunguliwa. Daktari huyo hakusema kwamba uhaba haupo. Alikagua sababu iliyowaweka watu nje, akaona haikuwa na nguvu tena, kwa kuwa dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimebadili maisha ya wagonjwa hao wakati kanuni ilibaki ile ya zamani.

5. UVIKO-19, 2020 hadi 2023

Habari za kwanza zilitoka Wuhan, China. Katika kituo kimoja cha kusafisha damu cha Hospitali ya Renmin ya Chuo Kikuu cha Wuhan, kati ya wagonjwa 230, wagonjwa 37 walipata UVIKO-19 kati ya tarehe 14 Januari na 17 Februari 2020, pamoja na wahudumu 4 kati ya 33. Kisha ugonjwa ukavuka bahari. Tarehe 29 Februari 2020 jimbo la Washington lilitangaza kifo cha kwanza cha UVIKO-19 kilichojulikana Marekani wakati huo, ingawa baadaye ilionekana kwamba wengine walikuwa wamekufa mapema zaidi. Marehemu alikuwa mgonjwa wa kusafishwa damu wa Northwest Kidney Centers, yaani kituo kile kile kilichoanza Seattle mwaka 1962 na kamati yake ya watu saba.

Safari hii kituo hakikuwa na kamati ya kuchagua. Kilikuwa na kazi ya kuwahifadhi watu wote kilichokuwa nao. Maagizo yaliyoenea Marekani na kwingineko yalikuwa mepesi kusema na magumu kutenda: mgonjwa apige simu kabla ya kuja akiwa na homa au kikohozi, kila mtu apimwe mlangoni, wote wavae barakoa, viti viachane kwa karibu mita 2, mwenye dalili awekwe pembeni au mwisho wa safu, walioambukizwa wahudumiwe pamoja, ikiwezekana katika zamu ya mwisho ya siku. Msomaji ataona kwamba haya ni mafundisho ya 1972 yaliyorekebishwa kwa ajili ya ugonjwa wa hewa. Aliyeambukizwa alitengewa mahali, lakini alisafishwa damu siku yake ilipofika.

Hata hivyo vifo vilikuwa vingi. Takwimu za Ulaya za Februari hadi Aprili 2020 zilionyesha kwamba, kati ya waliopata UVIKO-19, karibu mmoja kati ya 5 alikufa kwa ugonjwa huo ndani ya siku 28, na idadi ilikuwa karibu sawa kwa wenye kusafishwa damu na kwa waliopandikizwa. Mjini New York tatizo lilijirudia kwa upande mwingine. Virusi viliharibu figo za watu waliokuwa wazima. Katika kundi moja la hospitali, kati ya wagonjwa 5,449 waliolazwa, zaidi ya theluthi moja walipata madhara ya figo. Mashine, maji ya dawa na wauguzi wenye ujuzi vilipungua, hata madaktari wakarudia njia ya kusafisha damu kwa kupitisha maji tumboni, ambayo haihitaji mashine kubwa.

Uhaba uliporudi, swali lililonyamaza mwaka 1973 lilisikika tena. Majimbo kadhaa ya Marekani yalikuwa na mipango ya kuamua nani apewe mashine ya kupumulia endapo hazitatosha, na mingi ilitumia kipimo kiitwacho SOFA, kinachotoa alama kwa kila kiungo kilichoharibika. Kipimo hiki ni cha namba, hakiulizi mali wala kanisa, hivyo chaonekana kuwa cha haki kuliko kamati ya Seattle. Lakini mtu ambaye figo zake zimekufa huanza na alama mbaya kabisa za figo kabla hajakohoa hata mara moja, ingawa mashine inampa uhai na aliweza kuishi miaka mingi. Namba haina uso, wala haina chuki; hata hivyo yaweza kumtoa mtu nje kwa upole kuliko kamati yoyote.

Kupandikiza nako kulikwama. Mwezi Machi na Aprili 2020 upandikizaji wa viungo kutoka kwa marehemu ulipungua kwa asilimia 90 Ufaransa na kwa asilimia 51 Marekani. Madaktari waliogopa, na kwa sababu njema, kumpunguzia mgonjwa kinga siku ambazo hospitali ilijaa virusi. Lakini kungoja nako kuna vifo vyake.

Chanjo zilipokuja mwishoni mwa 2020, furaha ilikuwa kubwa. Kwa waliopandikizwa ilikuwa furaha yenye mashaka. Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa Machi 2021 ulionyesha kwamba, kati ya watu 436 waliopandikizwa viungo, asilimia 17 tu walikuwa na kingamwili baada ya dozi ya kwanza. Ufaransa iliruhusu dozi ya tatu mapema mwaka 2021. Kati ya watu 101 waliofuatiliwa huko, waliokuwa na kingamwili walikuwa asilimia 40 baada ya dozi ya pili, na asilimia 68 baada ya ya tatu. Marekani iliidhinisha dozi ya tatu kwa watu hao mwezi Agosti 2021. Maana yake ni kwamba karibu theluthi moja ya wale wa Ufaransa, hata baada ya dozi tatu, hawakuwa na ngao ya kingamwili. Ngao yao kubwa ilibaki kuwa chanjo na barakoa za majirani zao.

6. Afrika Mashariki

Kwetu tiba hii ni changa. Tanzania ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India, na hata baadaye wapo walioendelea kusafiri. Mwezi Machi 2020 India ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na Kenya nayo ikasimamisha zake hadi 1 Agosti 2020. Safari ya tiba ilifungwa pande zote mbili. Tarehe 27 Machi 2020 Kenya ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Mwenye kuugua ghafla aliruhusiwa kutoka. Lakini ruhusa ni jambo moja na gari ni jambo jingine. Mgonjwa anayemaliza zamu yake jioni akiwa hana nguvu, ambaye hutegemea basi au pikipiki, anajua tofauti hiyo.

Uhaba ambao New York iliuonja kwa majuma machache ni hali ya kila siku kwa wengi wetu. Mgonjwa aliyestahili kusafishwa damu mara tatu huja mara mbili au mara moja, kwa kadiri ya fedha. Hapa hapana kamati ya watu saba. Mfuko wa mgonjwa ndio unaochagua. Nasi tumeuzoea uchaguzi huo hata hatuuoni kuwa ni uchaguzi.

7. Mafundisho kwa wahudumu

Tunapendekeza mambo manne yatafakariwe na wachungaji na wanafunzi wa theolojia.

La kwanza, kutenga si kutupa. Historia ya homa ya ini na ya UVIKO-19 yaonyesha kwamba mtu aweza kuwekwa mbali kwa mita 2 na bado akahudumiwa kikamilifu. Vivyo hivyo mtumishi wa usharika aliyekatazwa kuingia katika chumba cha mashine hajazuiwa kumhudumia mgonjwa. Saa nne za kitini ni ndefu, na simu hufika mahali ambapo miguu haifiki.

La pili, tujihadhari na vipimo vya thamani ya mtu. Mchungaji atakapoitwa kuketi katika kamati ya maadili ya hospitali, na siku hiyo yaweza kuja, asiridhike na kuwa mtu mwema kati ya watu wema. Aulize kipimo kinapima nini, nani aliye nje kabla hata hajajadiliwa, na kama sababu iliyomweka nje bado ina nguvu. Hasa asikubali kamwe bidii ya mtu kanisani ihesabiwe kuwa hoja ya kumpa au kumnyima uhai.

La tatu, mgonjwa asifundishwe kuacha dawa. Aliyepandikizwa anayeambiwa kwamba imani yake itakamilika akiacha vidonge vyake, anaambiwa aiue figo ambayo pengine ndugu yake alimpa kutoka mwilini mwake. Sala na vidonge havikugombana. Wanaovigombanisha ni sisi.

La nne, usharika una kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya. Muuguzi hawezi kumleta mgonjwa kutoka nyumbani, wala hawezi kuwashawishi majirani wachanjwe au wanaokohoa wakae mbali naye. Mambo haya hutendwa na watu wanaomjua mgonjwa kwa jina, wenye gari moja kati ya kumi, wanaoweza kupanga zamu.

8. Hitimisho

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Barakoa nyingi zilikuwa zimekwisha kuvuliwa, na makusanyiko yalikuwa yamerudi. Lakini kinga ya waliopandikizwa haikurudi siku hiyo, wala wenye kusafishwa damu hawakupata ruhusa ya kukaa nyumbani. Kwao tangazo hilo halikuwa na maana ile ile iliyokuwa nayo kwa wengine.

Tumeona kwamba katika kila kizazi walikuwapo watu waliokataa kufunga mlango: daktari wa Kampen, kamati ya Rosenheim, mhandisi wa Seattle, mpasuaji wa Cape Town, na maelfu ya wauguzi ambao hakuna kitabu kitakachoandika majina yao, walioingia zamuni mwezi wa Aprili 2020 wakijua habari za Wuhan. Wote hawa waliiona hatari. Baadhi yao waliiona kuliko sisi. Walichofanya ni kuipima kwa bidii, kuiwekea mipaka, na kisha kumwendea mgonjwa. Virusi vingine vitakuja. Vitakapokuja, wapo katika sharika zetu watu ambao hawataweza kukaa nyumbani, na yafaa tuwe tumekwisha kuwajua kwa majina kabla ya siku hiyo.